Kaburi la Kuazima

Mimi chai ya mchaichai siinywi. Nikiwekewa kikombe nakisogeza pembeni taratibu, na wenyeji wangu huona najidai. Sijidai, jamani. Harufu ile hunipandisha kilima kimoja upande wa Nateete, kwenye makaburi ya zamani ya Waislamu, nikiwa mtoto wa darasa la pili, bibi kanishika mkono na mama yuko nyuma yetu, kanuna.

Ilikuwa baada ya vita vya themanini na sita. Baba alikuwa askari wa jeshi lililoshindwa. Aliondoka nyumbani kwetu Bwaise alfajiri moja na shati la kiraia, akasema anakwenda kuangalia hali, na hatukumwona tena. Wenzake wengine walirudi, wengine tukasikia wako ng'ambo ya mpaka. Yeye kimya. Mama alinikataza kuongea Kiswahili sokoni, maana kilikuwa lugha ya askari, na siku zile watu wakikisikia walikumbuka bunduki. Nyumbani alipiga pasi mashati ya baba, akayakunja, na aliyethubutu kumwita baba marehemu alionyeshwa mlango.

Bibi, mama yake baba, ndiye pekee aliyekuwa hafukuziki. Alikuja kukaa nasi na kifua chake kibovu, na maneno yake yalikuwa yaleyale: mwanangu amekufa, moyo wangu unajua, niacheni nimlilie kabla na mimi sijaondoka. Mama alijibu kwamba hakuna aliyeona maiti, kwa hiyo hakuna aliyekufa. Walipendana wale wawili, walisukana nywele na kupikiana uji, lakini kwa jambo hilo moja hawakupatana kabisa.

Ijumaa moja bibi akasema anakwenda makaburini. Mama alikubali kumsindikiza kwa sababu ya kile kifua tu, na akaapa kwamba yeye ataishia nje.

Mahali penyewe palikuwa pa huzuni, hata kwa mtoto. Kulikuwa na gofu la msikiti wa udongo mwekundu, kuta zimebaki za kufika kiunoni kwa mtu mzima, na pale aliposimama imamu pameota magugu. Nyuma yake makaburi yalikuwa mawe matupu, yamezama, hayana majina. Watu wa jirani walikuwa wamelima bustani katikati: maua mekundu, mchaichai, na mihogo iliyosogea karibu mno na wafu. Wingu lilikuwa zito. Bibi aliwasalimu marehemu wote kwa adabu, kisha akamgeukia mbuzi aliyekuwa akila juu ya kaburi na kumtukana kwa Kinubi, lugha ya kwao, maana matusi ya Kiswahili aliyaona hayana ladha.

Akachagua kaburi la pembeni kabisa, jiwe lake limelala ubavu. Akanituma maji kwa kopo, akayanyunyiza, akachuma mchaichai na kuuchomeka kichwani pa kaburi. Nikamuuliza huyu ni nani. Akasema hajui. Shehe wetu alikwisha kumwambia kwamba jambo hilo halimo katika dini; bibi alimwitikia vizuri, halafu akaja.

Mama alikuwa amesimama nje ya ukuta mfupi uliozunguka makaburi, mikono kifuani. "Mama," akasema, "huyo si mume wangu."

"Najua." Bibi hakugeuka. "Huyu hana mtu wa kumsomea, na mtoto wangu hana kaburi. Waache wasaidiane."

Akaanza kusoma Yasini. Kifua kikamkataa. Alianza, akakohoa, akaanza upya, na kila mara sauti ilikatika akabaki anatikisa kichwa tu. Bambi, maskini, nilimwonea huruma mpaka nikaogopa. Ndipo mama alipouruka ule ukuta. Alichuchumaa, akamshika bibi mgongo, akamwambia apumzike. Kisha akavua hereni zake za dhahabu, ya kushoto ikamsumbua kidogo, akaziweka kwenye kiganja cha bibi na kukifunga. Bibi akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena kwa mtu.

Mimi nilifurahi. Niliona mama kampa bibi zawadi, ugomvi umekwisha. Nilishuka kilima nikirukaruka.

Kesho yake mama alivaa nguo nyeupe na akaacha kutoka nje. Watu wakaja, wakakaa mikekani, wakatupa pole. Nilikuwa mkubwa nilipojua kwamba mwanamke anayeingia eda huvua mapambo yake, na kwamba pale kaburini ndipo baba yangu alipofishwa. Bibi alifariki kabla ya eda kwisha, ametulia, kama mtu aliyemaliza kazi.

Nilipopata watoto wangu nilimuuliza mama ni kitu gani kilimfanya aamini siku ile. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho.

"Sikuamini," akasema. "Yule mama angekufa bila kumlilia mwanawe."

Nikamuuliza, na yeye mwenyewe alimlilia baba lini?

"Bado," akasema.