Upinde Uliosimama Mto Unakotokea

Jumamosi, mwezi wa tatu. Asubuhi jua, alasiri mvua fupi, kisha jua tena.

Mwanangu Neema, leo umenipigia simu kutoka ng'ambo ya mto nikakuambia usivuke kwa sababu ya upinde wa mvua, ukacheka. Kwenye simu maneno yalinipotea, basi nayaandika.

Nakumbuka siku moja wewe uko mgongoni kwangu, hujaota hata jino. Tulikuwa tunatoka shamba la mpunga na shemeji Deus, mdogo wake baba yako, na mama mdogo Veronika aliyenilea. Deus alikuwa anasukuma baiskeli yenye gunia. Mvua ilitunyeshea, ikaacha. Mtoni maji yalikuwa ya kifundo cha mguu tu, na mbele yetu, kule mto unakotokea, upinde wa mvua umesimama mzima. Juu yake kulikuwa na wa pili, hafifu, rangi zimegeuka, nyekundu ikawa upande wa ndani.

Kwetu tuliamini upinde ukitoka, mvua imefungwa. Hata mimi niliamini, siwezi kumsema Deus peke yake.

"Haya shemeji, tuvuke. Upinde huo, mvua kwisha!"

Mama mdogo hakuunyooshea kidole, maana wazee walisema kitapinda. Alielekeza kwa kidevu. "Imekwisha hapa. Kule je?"

"Mama mdogo, siku hizi umekuwa redio ya hali ya hewa?"

"Cheka tu. Jua linakuchoma wapi?"

"Kisogoni."

"Basi mvua iko usoni kwako, inanyesha sasa hivi. Na haya maji yanatoka hukohuko. Wewe vuka. Mjukuu wangu havuki."

Deus akaguna, akaingia. Gurudumu la mbele limeshalowa, tukasikia mngurumo kama lori linapanda mlima. Alivuta baiskeli kinyumenyume mpaka gunia likaanguka. Maji yakaja mekundu, yamebeba gogo zima. Deus alikaa chini, akakuomba kwangu, akakupakata mpaka ukalala.

Baadaye nilisoma kwenye kitabu cha shule cha kaka yako: jua likiwa nyuma yako, mwanga unaingia kwenye matone ya mvua, unapinda, unarudi kwako umegawanyika rangi. Nimeishia darasa la saba, kama nimekosea nisahihishe. Nimeuona pia upinde mweupe, kwenye ukungu wa asubuhi juu ya mpunga, na mdogo kabisa nikimwagilia mchicha. Wa mwezi nimeusikia tu, siwezi kuuapia.

Na nisiwe mwongo: si kila upinde una mafuriko nyuma yake. Leo mto haujajaa. Umesubiri ng'ambo na mtoto wako, dereva wa bodaboda aliyewabeba ananung'unika kwamba bibi ana mambo ya kizamani, na leo yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini mlipotokea uani nimeshusha pumzi kama siku ile.

Basi mwanangu, upinde haukuambii mvua imekwisha. Unakuambia mvua ilipo. Tazama umesimama wapi, uulize maji yako yanatoka upande gani, na ukiwa na mtoto mgongoni, subiri. Kuchekwa kunapita.

Mungu akujalie kila mto uukute wa kifundo cha mguu, na ukijaa, ukukute bado uko ukingoni.

Jioni tumekula wali na samaki, migebuka. Mliukuta umepoa, na hamkubakiza.