Kanda Iliyoimbwa kwa Mwendo wa Indiketa

Nyimbo zote za kanda yake ya kwanza zina mwendo mmoja, kwa sababu aliziimba akifuata mlio wa indiketa ya lori. Ukitega sikio chini ya gitaa utaisikia: tik, tik, tik, upande wa kwanza hadi wa pili. Utasikia pia magari ya Durban yakitupigia honi, maana lori lilikuwa likionyesha kwamba linakata kushoto, na halikukata.

Hatukupanga hivyo. Mwimbaji ndiye aliyekuwa dereva, Mtanzania mwenzangu, mtu wa Tanga, aliyekuwa akivuta makontena kutoka Durban hadi Lubumbashi. Alipenda muziki wa kantri tangu utotoni, akatunga wa kwake kwa Kiswahili: foleni ya mpakani, chai inayochemshwa kando ya tairi, matawi yanayowekwa barabarani kuonya kwamba mbele kuna lori bovu, na zaidi ya yote hamu ya nyumbani. Mpiga gitaa alikuwa kinyozi Mkongomani mwenye saluni mtaa wa Overport. Mimi nilikuwa mwanafunzi, na nilikuwa na rekoda nzuri.

Mke wa dereva alitoa sharti moja, mbele yetu, mikono ina unga wa chapati.

"Kanda ikitoka, lori basi. Watoto hawa wanakujua kwa honi, si kwa sura."

"Basi, mama watoto. Nitatafuta kazi ya hapa hapa mjini."

Alilisema hilo akiwa amesimama. Sikumbuki kumwona amekaa nyumbani kwake zaidi ya muda wa kumaliza sahani.

Mara ya kwanza tulirekodi saluni, Jumapili imefungwa. Sauti haikutoka. Dereva alikaa kwenye kiti cha kunyolea, akainuka, akaenda dirishani, akarudi.

"Papa, unaimba kama mutu anasoma risiti," kinyozi alimwambia. "Ule muke unalilia iko wapi?"

"Nipe usukani uone."

Tulicheka, lakini hakuwa anatania. Wiki iliyofuata alipewa kichwa cha lori, bila tela, ili akijaribu barabarani baada ya matengenezo. Tulitoka Jacobs, kwenye yadi ya malori, kuelekea mtaa wa Bluff, kinyozi amejikunja na gitaa kwenye kitanda cha nyuma, mimi nimeshika kipaza sauti karibu na kidevu cha dereva. Kila tuta lilimvurugia kinyozi mapigo. Dereva akawasha indiketa.

"Fuata hiyo, kaka."

Sauti ikaja, nzito, yenye machozi ndani yake, na haikukatika hata alipobadili gia. Kwenye roboti, yaani taa za barabarani, dereva wa teksi alitoa kichwa dirishani akatutukana kwa Kizulu. Wetu akamjibu kwa Kiswahili, "Subiri, ndugu, niko ubeti wa pili!"

"Vraiment, kweli kabisa, huyu atatuua," kinyozi alisema nyuma yangu, vidole vikiendelea.

Kanda ilizinduliwa Jumapili mchana katika ukumbi wa kanisa, Overport. Mkewe alikaa mstari wa mbele na watoto, amevaa kitenge kipya. Gitaa likaanza. Dereva akafungua mdomo, akaufunga. Gitaa likarudia utangulizi. Watu wakaanza kukohoa.

Akaanza kutembea. Alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti, na alipofika nyuma alikuwa anaimba. Watu walipiga vigelegele, wakidhani ni mtindo. Alizunguka ukumbi, wimbo wa kwanza, wa pili. Katika wa tatu, ule wa kumwahidi mke kwamba safari hii ni ya mwisho, akatoka mlangoni. Tulimsikia akiimba uani, akizunguka jengo, sauti ikipita dirisha hadi dirisha. Kinyozi hakuacha kupiga. Mkewe hakugeuza shingo.

Aliporudi, jasho likimtiririka, mkewe alimpa leso.

"Hata humu hukai," alimwambia taratibu. "Kesho je?"

"Kesho narudisha funguo ofisini. Nimeshawaambia."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba nakwenda."

Hakusema kwenda wapi, na watu walikuwa wameshamzunguka wakitaka kanda.

Jumatatu nilipita nyumbani kwao na kanda zilizobaki. Mkewe alisema mumewe ametoka asubuhi na funguo mfukoni, bila begi. Nilikwenda Jacobs. Pale lilipokuwa likiegeshwa lori lake palikuwa na doa la oili tu. Nilimuuliza mlinzi ni nani aliyeliondoa.

"Kuna dereva mpya ameanza leo," alisema. "Na yule wako pia alikuja, jina lake liko daftarini. Mimi nimeshika zamu lori limeshatoka na geti limefungwa, bwana, sikuona nani alipanda."

Nilirudi kumweleza mkewe. Alikuwa amepika chakula cha mchana, na sahani zilikuwa mezani kwa idadi ya watu wote wa nyumba ile, ya mumewe ikiwemo.