Misa ya Kabla ya Dansi

Jumamosi hiyo dijei mmoja alikuwa anakuja katika klabu moja ya Goma kupiga laivu muziki wake wa mashine, nami nikajiona mjanja: nisali misa ya jioni, ile inayohesabiwa kama ya Jumapili, nicheze usiku, kesho nilale. Kumbe kanisa letu la mtaa wa Mapendo lilijaa vijana wenye akili ileile, wananukia manukato, wanapiga magoti nusunusu wasichafue suruali. Padri alitutazama, akafupisha mahubiri.

“Najua munawahi.”

Tukaitika “Amina” kwa nguvu ambayo alikuwa hajawahi kuisikia.

Mlangoni, tukitoka kanisani, mama yangu alininusa shingo.

“Leo umesali sababu ya dansi, papa, mwanangu. Kesho asubuhi utasali sababu ya Mungu.”