Jina la Paka wa Msajili

Mtaani kwetu watu wengi hawaitwi majina waliyopewa na wazazi wao, na wa kulaumiwa ni kaka yangu. Alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja, kati ya bucha na fundi viatu: kioo kirefu chenye ufa, benchi la wanaosubiri, na kiti kizito cha chuma na ngozi nyekundu, kile cha kuzunguka. Ukikaa kwenye kiti kile mara ya kwanza, neno la kwanza litakalokutoka mdomoni ndilo jina lako. Hakuna rufaa. Mwenye bucha alikaa akasema, "Kidogo tu, hapa pembeni," akawa Kidogo mpaka leo, na mwili wake ule kama kabati. Kuna mwalimu mmoja mpole, alimkanyaga mtu akienda kukaa, akakaa huku anaomba radhi. Shule nzima sasa ni Mwalimu Samahani. Watoto wachanga, kwa kuwa hawajui kusema, walipewa neno la kwanza la mtu aliyewapakata.

Mimi ni Sitaki. Nilikuwa msichana mdogo, kichwa kimejaa chawa, mama akaniburuta mpaka pale ninyolewe. Nilipiga ukelele mmoja tu na mtaa mzima ukausikia. Watu husema jina limenikaa. Wakome.

Kaka mwenyewe tulimwita Msajili, na kazi hiyo ya kusajili aliichukulia kwa uzito kuliko kunyoa. Alikuwa na sharti moja: jina halina watu wawili. Akija mgeni na neno lenye mwenyewe, kaka alizima mashine akamwambia, "Hilo lina mtu. Sema lingine." Mwenye jina akihama au akifariki, ndipo alisema, "Jina limerudi dukani," na hapo mwingine angeweza kupewa. Watu walicheka, lakini hakuna aliyewahi kumwona akikosea. Vichwa vyote vile alikuwa navyo akilini.

Mkewe, yaani wifi yangu, ni Haraka. Alikuja dukani akiwa msichana, kamleta mdogo wake kunyolewa, akachoka kusubiri, akajitupa mwenyewe kwenye kiti na kusema, "Haraka bwana, mimi sina siku nzima." Ajabu ni kwamba hajatokea mwanamke mzito kama yeye. Ukimtuma chumvi, supu inapoa. Kaka alilipenda jina lile hadi akamwoa mwenye jina, na kila asubuhi akiamka, kabla hata hajafungua macho vizuri, aliita, "Haraka!" Naye huko jikoni anaitika, "Abee!" kisha anakaa wee, ndipo anakuja. Nilikaa kwao miaka nikisubiri kuolewa, na hata sasa naishi nyumba ya pili tu, kwa hiyo wimbo huo naujua.

Kiharusi kilimkuta kaka dukani, mashine mkononi, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu. Alirudi kutoka hospitali upande wa kulia umekufa, mdomo umekwenda kando, mtu mzima kawa mwepesi kama fagio. Duka likafungwa. Fundi seremala wa jirani, yule tunayemwita Taratibu kwa sababu aliogopa wembe, alikibeba kile kiti akisaidiana na mwanawe mpaka nyumbani, wakakiweka sebuleni karibu na dirisha, eti mgonjwa akikiona atachangamka.

Maneno yalimrudia machache, tena yote ya dukani. Karibu. Kaa hapa. Inamisha kichwa. Asante. Majina hayakurudi hata moja. Kidogo alikuja na figo mkononi, akaambiwa "Karibu" kama mteja yeyote, akatoka pale macho mekundu, mwanamume mzima. Lakini hilo lilivumilika. Lisilovumilika lilikuwa namna alivyomwambia mkewe, kila akimlisha, kila akimgeuza kitandani: "Asante, mama." Kwa adabu kabisa. Unavyomwambia mtu aliyekupisha kwenye foleni.

"Manesi wamemzoesha," wifi akasema. "Kule wodini kila mwanamke ni mama."

"Lakini anakujua," nikasema.

"Hajaniita," akasema.

Na hapo ndipo alipokwama. Chakula hakikupanda, usingizi haukuja. Daktari akieleza habari za mshipa wa kichwani, yeye anauliza swali moja tu: ataniita lini? Sikuwa na subira naye, nasema kweli. Nilimwambia ashukuru mtu anapumua.

Paka aliletwa na binti yao. Binti anafanya kazi kwenye ghala la saruji, na paka huyo alikuwa akiishi humo na kula panya, mpaka meneja mpya akaamuru aondolewe. Jike, wa kijivu, sikio moja limechanika, na vumbi la saruji limemganda mgongoni hata baada ya kuogeshwa. Binti akamweka sakafuni na kusema, "Mama, huyu hana jina. Baba atampa."

Lo! Ningejua, ningemrudisha ghalani siku ileile. Wifi uso ulimng'aa kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Kwa akili yake, majina yote ya mtaa yalikuwa yamefungiwa mahali fulani kichwani mwa mumewe, na likitoka moja, mengine yatafuata, na la kwake likiwemo. Akapiga marufuku mtu yeyote kumpa paka jina. Taratibu alipendekeza Waziri, kwa vile paka alikuwa analala tu na kula vya wenzake. Akafukuzwa kama kuku. Mimi siku moja nimekuta samaki wangu wawili wameliwa vichwa, nikamwita Mwizi, wifi akanijia juu na mwiko.

"Sitaki, usimharibie!"

"Nani? Paka au kaka?"

"Wote!"

Basi paka akakaa bila jina, wiki zikaenda, akawa anaitwa "wewe" na "shh". Kila alasiri wifi alimbeba na kumkalisha kwenye kiti chekundu, kisha mwenyewe anabana midomo, nasi sote tumebana midomo, asije mtu akatoa neno la ovyo likawa ndilo. Paka anatazama dirishani. Kaka anamtazama paka. Saa inagonga ukutani. Halafu paka anashuka kwenda zake, na wifi anakwenda jikoni kupangusa sufuria ambazo ni safi. Tulikuwa watu wazima na akili zetu, tunamngojea paka. Nikikumbuka nataka kucheka, lakini kicheko hakiji.

Siku ilipotokea hatukuwa tumejiandaa. Paka alikuwa amepanda kitini mwenyewe na ameanza kunoa kucha kwenye ile ngozi. Wifi alikuwa uani akianua nguo, mimi nachambua mchele. Taratibu akaingia bila hodi, kama kawaida yake, akaona ngozi inavyoraruliwa, akapaza sauti kuelekea uani, "Haraka! Njoo umtoe paka wako, kiti kinakwisha!"

Kaka akainua kichwa. Midomo ikacheza, mate yakamtoka kidogo, akahangaika nalo lile neno, na likatoka zima, kwa sauti yake ya zamani kabisa.

"Haraka."

Ungo ulinitoka mkononi. Huko uani nikasikia beseni linaanguka, na wifi akaitika, "Abee!" Akaingia mbio, nguo nusu mkononi nusu zinaburuzika, analia na kucheka. "Abee, mume wangu! Abee, nipo!" Akapiga magoti mbele yake.

Kaka akamsogeza kando kwa mkono wake mzima, polepole, bila ukali. Alikuwa anamzibia paka. Akaupeleka mkono ule kwenye kiti, akamgusa paka kichwani, akasema tena, "Haraka." Akatabasamu na ule upande mmoja wa mdomo, kama alivyokuwa akitabasamu dukani akishamsajili mtu.

Taratibu alivua kofia, akaivaa, akaaga kwa mkono na kuondoka. Mimi nikaanza kuokota mchele, punje kwa punje, maana sikuwa na pengine pa kuweka macho.

Jioni binti alipiga simu, keshasikia kwa watu nusu ya habari. Nilimsikia akishangilia hadi simu inakwaruza. "Baba kamwita mama! Si nilisema?" Wifi akasema, "Ndiyo, mwanangu. Kaita." Akakata simu na kuiweka kifudifudi juu ya meza.

Nilijaribu kumtuliza. Nikamwambia, wifi, sheria ni sheria, Taratibu ndiye aliyetamka neno la kwanza paka akiwa kitini, kama kwa watoto wachanga. Kaka kafuata utaratibu wake tu. Hiyo ni dalili njema, akili inafanya kazi.

"Inafanya kazi," akasema. "Na jina lenye mtu je, aliwahi kulitoa?"

Nikaanza kukunja kitambaa cha meza.

"Aliwahi, Sitaki? Wewe umekulia pale dukani. Mara ngapi nimemsikia, hilo lina mtu, sema lingine? Leo hakusema." Akatazama mikono yake. "Kwake mimi nimehama au nimekufa. Jina limerudi dukani."

Nilitaka kubisha, na mimi kubisha ndiyo kazi yangu, lakini sheria ilikuwa upande wake. Tulikaa tukalia, kila mmoja upande wake wa meza.

Baada ya siku ile nyumba ikawa nzito. Kaka alianza kupata nafuu, na hilo ndilo lililouma zaidi. Asubuhi akiamka anaita, "Haraka!" na paka anaruka kitandani. Wifi jikoni anainuka nusu, mdomo wazi, halafu anakaa tena. Kila asubuhi. Mazoea ya miaka hayaondoki kwa amri. Nilimshauri tumrudishe paka ghalani, au nimtupe mwenyewe ng'ambo ya mto, dhambi niibebe mimi. Akakataa. Alisema kaka anamlilia paka akikawia nje, sasa atawezaje kumnyang'anya. Alikuwa akimkatia yule paka vipande vya nyama vidogo vidogo na kumpulizia vipoe. Nilichukia kumwona. Na usiku kaka akawa anashtuka akimkuta mwanamke pembeni yake, anajivuta ukutani na kusema, "Samahani, mama," kwa hiyo wifi akahamia kwenye mkeka, chini.

Alasiri moja nilikwenda kuwapelekea nguo nilizowafulia. Mlango ulikuwa wazi. Nikamkuta wifi amevaa gauni lake la kutokea, lile la bluu, nywele kazifumua na kuzichana, na paka kamfungia uani. Alikuwa amekaa kwenye kiti chekundu, mikono mapajani, kimya. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake alikuwa amekaa pale.

Kaka alimwona. Akashika fimbo yake, akainuka, jasho likimtoka, na mimi nikataka kukimbia kumshika, lakini wifi akanitazama kwa jicho la kunikataza. Kaka akavuta kile kitambaa cheupe cha dukani, kilicholetwa pamoja na kiti na kutundikwa kwenye msumari, akamtandazia mabegani, akafunga kwa mkono mmoja na meno. Ilichukua muda. Kisha akasimama nyuma yake, akanyoosha kitambaa, akasema yale aliyowaambia wateja wageni maisha yake yote:

"Karibu, mama. Umetoka mbali?"

Wifi alijua, na mimi nilijua, kwamba neno atakalosema sasa ndilo ataitwa nalo mpaka mmoja wao aingie kaburini. Nilimwomba Mungu aseme kitu kizuri. Nilitaka aseme "mpenzi", aseme "mkeo", aseme lolote la kumrudishia chake. Lakini alikuwa ameulizwa swali na mume wake, akalijibu.

"Mbali," akasema. "Mbali sana, kaka."

Kaka akatulia. Midomo ikafanya kazi. Nilimwona akipita humo kichwani, kichwa kwa kichwa, akitafuta kama lina mtu. Halafu akampigapiga begani.

"Mbali," akasema.

Nilimtoa wifi nje. Nilimfokea, ndiyo, nilimfokea mjane wa mtu aliye hai. Nikamwambia amejidhalilisha, ameolewa na mtu huyu, amemzalia, amemfuta mate na choo, halafu leo anakwenda kujitambulisha kwake kama mpita njia! Nikamwambia hata paka ana jina zuri kuliko yeye.

Akaniacha nimalize. Akafuta uso kwa pindo la gauni la bluu.

"Wewe mkali, wifi, na Mungu akuzidishie," akasema. "Lakini jana usiku aliniogopa, hata nikiwa huko chini mkekani. Unaijua hiyo? Mtu wako akuogope?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Huko ndani fimbo ikagonga sakafu, na sauti ya kaka ikaja mpaka mlangoni.

"Mbali!"

"Abee," wifi akaitika, akaingia ndani kumsikiliza.