Kupigwa Bampu

Watu wa Harlow Brook, mji wa makaa ya mawe huko Nova Scotia, walikuwa na neno moja walilolitumia hovyo mpaka likachakaa: bampu. Neno lenyewe ni mlio tu, kitu kikigonga kitu. Mtoto akijigonga mezani akavimba paji la uso, hilo ni bampu. Akitimiza miaka saba, wajomba humshika mikono na miguu wakambwaga matako chini mara saba, huku wakihesabu na kucheka, na hizo nazo ni bampu. Chini mgodini, mwamba ukishindwa kubeba uzito ulio juu yake ukapasuka kwa kishindo, bampu. Na mtu mwenye miaka mingi kazini, nafasi yake ikifutwa, alikuwa na haki ya kumwondoa mwenye miaka michache na kuchukua yake. Aliyeondolewa huambiwa amepigwa bampu. Wangeweza kutafuta neno la pili, lakini nani alikuwa na muda wa kuwaza hayo?

Sadie Purdy alizaliwa humo, binti wa mchimbaji na dada wa mchimbaji, na kwa kiherehere cha ujana akaolewa na mchimbaji. Vishindo alivipima kwa sahani. Zikigongana kidogo kabatini, aliendelea kukanda unga. Zikiruka, alizima jiko, akajitanda shali, akangoja king'ora. Baba yake alitolewa shimoni kwa machela siku ya namna hiyo. Kwa miaka kumi na moja alimsihi mumewe, Clem, aache kazi wahamie Ontario kwenye viwanda, na Clem hakutikisika.

"Nitatoka wakinitoa," alikuwa akisema, kisha anaendelea kula.

Mwaka 1956 kampuni ilitangaza kupunguza watu wa juu, wale wanaochambua makaa yakishatoka. Wendell, kaka yake Sadie, alikuwa mmoja wao, na alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini. Jumapili Sadie alimvizia nje ya kanisa.

"Jina lako likiwamo, chukua nafasi ya Clem."

"Nimpige bampu shemeji yangu? Ataninyonga."

"Atanuna wiki mbili, halafu tutafunga mizigo. Nisaidie, kaka. Sitaki kumzika."

"Yeye hutaki kumzika, ila mimi ruksa?"

"Usinitanie. Wewe umebakiza miaka mitatu tu upate pensheni."

Wendell alicheka, akavaa kofia yake, akaenda zake bila kusema ndiyo wala hapana.

Alhamisi, kama saa nne asubuhi, sahani ziliruka. Mbili zilivunjika. Sadie hakungoja king'ora. Alikimbia na unga mikononi mpaka langoni mwa mgodi, na huko akakuta wanawake wameshajaa. Nettie, mke wa Wendell, alimwona, akapenya watu akaja kumshika. Yeye hakuwa na wasiwasi wa kwake. Mumewe alikuwa mtu wa juu, na kama hakuonekana, basi atakuwa na waokoaji.

Karani wa zamu alipita na orodha, jasho linamtiririka.

"Clem Purdy," Sadie alimwita. "Niambie habari za Clem Purdy."

Karani akashusha kidole kwenye karatasi. "Purdy kapigwa bampu," akasema, akapita.

Sadie aliporomoka. Nettie alimdaka, akaketi naye kwenye matope, akamkumbatia.

"Lia, wifi yangu. Lia tu, mimi nipo."

Hata robo saa haikupita, Clem akatokea akiwasukuma watu, taulo la kinyozi shingoni na povu kwenye shavu moja. Sadie alimrukia. Alimpiga ngumi za kifua, akambusu, akacheka kwa sauti mpaka wanawake wengine wakageuka kumtazama.

"Wameniambia umepigwa bampu!"

"Ndiyo, nimepigwa. Asubuhi hapahapa langoni. Kaka yako kanitoa. Nafasi kumi na mbili za kuchagua zimeandikwa ubaoni, yeye kaona yangu tu."

Sadie aliacha kucheka. Nettie alikuwa bado amemshika bega.

"Wendell yuko juu," Nettie alisema. "Clem, nasema Wendell yuko juu."

Clem alianza kujifuta povu, akatazama chini.

Walimtoa Wendell siku ya tatu. Usiku wa kumwandaa kwa mazishi, Nettie alikuwa akipiga pasi shati la kumvalisha, na Sadie amesimama karibu yake hana la kufanya.

"Nafasi kumi na mbili," Nettie alisema. "Kwa nini ya Clem?"

Sadie angeweza kusema hajui, na angeaminiwa maisha yake yote.

"Mimi nilimwomba."

Nettie alimaliza ukosi, akaiweka pasi pembeni, akamwambia atoke.

Wiki mbili baadaye kampuni ilifungua tena upande ule wa mgodi uliobomoka. Nafasi aliyoiacha Wendell haikuwa na mtu, na kwa kanuni zao ilikuwa ya Clem. Sadie alimpigia magoti jikoni, akalia, akamtaja baba yake, akamtaja Wendell.

"Ndiyo maana nakwenda," Clem alisema. "Kafa mahali pangu. Nitakaaje nyumbani?"

Akachukua kopo lake la chakula, akashuka shimoni.