Niliwasingizia Mchwa Mfuko wa Gofu wa Mume Wangu

Jamani, kosa ni langu! Si la mume wangu, si la mama mkwe, wala si la mchwa, ingawa hao mchwa ndio niliowabebesha lawama. Nimekaa na jambo hili miaka mingi, leo nalitoa nipumue. Jina langu msiniulize, maana Tabora ni mji mdogo na wanaonijua wataanza kunicheka upya sokoni.

Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Bwana Ramji, muuza vitambaa. Mume wangu, tumwite Maganga, alikuwa karani wa misitu. Ndoa ilikuwa bado mbichi. Nampenda, ananipenda, na tatizo letu lilikuwa moja tu: gofu!

Wazungu walipoondoka walituachia kiwanja cha gofu, na Maganga akauvamia mchezo huo kama mwenye njaa. Msidhani ni kiwanja cha majani mabichi. Kwetu ni mchanga, vichuguu na miiba, na kuzunguka kila shimo wamemwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu, wenyewe wanauita brauni. Baada ya Azimio la Arusha kamati ya wachezaji ikakaa, ikasema kukodi watu wakubebee fimbo zako ni unyonyaji. Kila mtu abebe mzigo wake, au abebewe na mtu wa nyumbani kwake.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinamkosesha Maganga usingizi. Mshindi wa mchuano wa Saba Saba angepanda treni kwenda Dar es Salaam kucheza kwa niaba ya Tabora. Na Maganga hakuwahi kufika Pwani! Kwao Unyamwezini hilo si jambo dogo. Babu yake alibeba pembe za ndovu begani kwa miguu mpaka Bagamoyo, na zamani zile kijana ambaye hajapeleka mzigo Pwani alihesabiwa mtoto hata kama ana ndevu. Mama yake, aliyekuwa akiishi Igalula, kila akija mjini alimuuliza swali lilelile.

"Babu yako alifika. Wewe lini, mwanangu?"

Maganga anacheka, lakini mimi mkewe niliona kuwa swali lile linamchoma.

Basi akahitaji mfuko wa fimbo. Akaja na turubai kuukuu, akalipima na kulishona mfuko mwenyewe, akaupeleka kwa fundi baiskeli amtengenezee miguu miwili myembamba ya chuma. Ukiuweka chini, miguu inachanua na mfuko unasimama wenyewe, fimbo hazigusi mchanga. Ukimaliza unautupia begani unaondoka. Ikabaki mimi nishone mkanda wa begani tu.

Mkanda huo, ndugu zangu, ndio ulionishinda. Si kwa sindano, kwa kiburi!

Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu alikuwa anauza kanzu na kofia, na nyumbani kwetu neno mpagazi lilitamkwa kwa kubenua midomo. Nikamfikiria mume wangu, karani, na suruali niliyomnyoosha mwenyewe, anapita mbele ya shoga zangu na turubai begani. Nikasema haiwezekani! Watu watasema nimeolewa na mpagazi.

Wakati huohuo kulikuwa na mama mmoja wa Kizungu anafungasha kurudi kwao. Nilikuwa nimemshonea mapazia, na kwenye baraza yake nikaona mfuko wa gofu wa ngozi, mnene kama gunia la mpunga, una mifuko hata sijui ya kutia nini, umekaa juu ya toroli la magurudumu mawili. Ulikuwa unang'aa! Nikamwambia ujira wangu nautaka ule. Akafurahi kuutua.

Nikakokota toroli langu mpaka nyumbani. Ule wa turubai nikaufungia stoo, nyuma ya furushi la vitambaa. Maganga aliporudi nikamkabili bila kupepesa macho.

"Mume wangu, pole. Mchwa wamelitafuna turubai lako lote. Nimetupa shimoni, na miguu yake."

Akatazama toroli, akatabasamu. "Basi mke wangu, umenihangaikia. Ahsante."

Alinishukuru! Nawaambia, angenigombeza ningelala vizuri zaidi.

Siku ya Saba Saba ikafika. Mama mkwe alikuwa ameingia jana yake kwa treni, na karanga zake na kibuyu cha asali. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwacha apumzike nyumbani aje baadaye taratibu. Mimi nikatangulia kiwanjani kwa madaha, kanga mpya, nikimtazama bwana wangu na toroli lake la kibwana mkubwa.

Wenzake wakaanza maneno. "Naizi huyo, mrithi wa Wazungu! Na gari lako umelipia bima?" Mimi nikaona ni wivu.

Mpinzani wake wa karibu alikuwa Bwana Ramji mwenyewe, tajiri wa ile baraza yangu. Na Ramji pamoja na duka lake lote alikuwa amebeba kimfuko cha kitambaa begani, anatembea mwepesi anapiga mluzi. Maganga nyuma anavuta. Mchanga wa mwezi wa saba mnaujua. Magurudumu yanazama, yanalia kwiii, kwiii! Akifika kwenye mpira anahema, jasho linamwingia machoni. Pamoja na hayo walikuwa sawasawa, maana mume wangu mchezo aliujua.

Karibu na mwisho kuna kimteremko. Maganga akaegesha toroli juu, akashuka kuangalia mpira wake uliokuwa umetulia pembeni ya brauni. Toroli likaanza kuondoka lenyewe. Pole pole, halafu mbio! Nikapiga kelele, "Maganga, toroli!" Wapi! Likapita ubavuni mwake, likaugonga mpira ukaruka mpaka kwenye miiba, kisha lenyewe likapanda kichuguu likavunjika ekseli. Fimbo zikatawanyika chini kama kuni.

Ramji akashika kichwa. "Pole sana, Maganga bhai. Lakini sheria ni sheria. Umeusogeza mpira kwa mzigo wako, unaongeza pigo moja."

Tunaokota fimbo, huku nawaza huo mfuko wa ngozi usio na toroli nani ataunyanyua, nikasikia sauti nyuma yangu inatusalimu Kinyamwezi.

"Mwangaluka, wanangu! Mbona mmeinama, mnalima?"

Mama mkwe! Na begani kwake, jamani, begani kwake amening'iniza mfuko wa turubai kwa kipande cha kamba. Akautua chini. Miguu ikachanua pwaa, mfuko ukasimama mbele ya watu wote.

"Nimetafuta cha kubebea karanga nikakikuta hiki stoo," akasema kwa furaha. "Kizuri! Kinasimama chenyewe kama ndama. Nani kakitengeneza?"

Nilitamani ardhi inimeze. Maganga aliutazama mfuko, akanitazama mimi, akarudi kuutazama mfuko.

"Mke wangu," akasema taratibu, "mchwa wa nyumba yetu wana huruma sana. Wamekula turubai zima, kisha wamelirudisha na karanga."

Ramji alicheka mpaka akakaa chini. Mimi machozi yalinitoka, na katikati ya machozi na mimi nikacheka. Nikamwambia mume wangu mbele ya kadamnasi, "Nilidanganya. Niliona haya ubebe begani. Nisamehe." Kisha nikamwaga karanga kwenye kanga yangu mpya nikampa mama mkwe, nikatia fimbo kwenye turubai, nikautupa mfuko begani mwenyewe.

"Nenda kapige," nikamwambia. "Mtu wa nyumbani kwako nipo."

Mama mkwe akaanzisha wimbo wa wapagazi wa zamani. Waliokuwa wakitazama wakaudaka, tukawa tunatembea msafara mzima, mimi mbele na mfuko. Maganga alicheza mashimo yaliyobaki vizuri kupita siku zote. Walipohesabu mwishoni, alishindwa kwa pigo moja. Lile la toroli langu!

Alimpa Ramji mkono, akamtania kuhusu bima. Lakini mama mkwe mambo ya gofu hakuyajua, akauliza, "Kwa hiyo treni yako lini?" Maganga akamjibu, "Mwaka huu siendi, mama." Bibi wa watu akakunja pindo la kanga yake. Hapo ndipo niliposikia uchungu wa uongo wangu.

Adhabu nilijipangia mwenyewe. Mwaka mzima kila akienda kufanya mazoezi mimi ndiye mbebaji, mkanda nimeushona kwa uzi wa viatu. Shoga zangu wakanibandika jina Mpagazi. Mwanzoni nilikasirika, baadaye nikawa naitika.

Saba Saba iliyofuata Maganga akashinda! Tukapanda treni wawili, yeye na tiketi zetu, mimi na mfuko. Dar alishindwa vibaya, wala hatukujali.

Tuliporudi, mama mkwe alikuwa stesheni. Maganga akashuka amefungua mikono, anangoja kukumbatiwa kama mwanaume aliyefika Pwani. Mama yake akampita! Akaja kwangu, akasogeza kanga yangu, akapapasa bega langu lililoota sugu.

"Mwanangu kaenda Pwani mikono mitupu," akawatangazia watu wa stesheni. "Mzigo kabeba huyu. Sasa hebu niambieni, mwanaume wa nyumba hii ni nani?"

Stesheni nzima ilivunjika mbavu, na Maganga ndiye aliyecheka zaidi.

Ndugu zangu, hasa nyinyi wanawake wenzangu! Kama kiwanja chenu ni laini na tambarare, nunueni mfuko wa toroli, mvute kwa raha zenu. Kama ni mchanga kama kwetu, chukueni wa begani wenye miguu. Ila msimchagulie mtu mzigo wake kwa kuogopa macho ya majirani, na msimdanganye anayewaamini! Majirani wale hawakuja hata kuokota fimbo.

Na ukipita Tabora ukasikia mtu anaitwa Mpagazi, ukaona ameitika mwanamke, usishangae. Nisalimie tu.