Kiswichi cha Kompyuta ya Teodora

Teodora ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea hapa Kiseke tangu ananyonya. Alipomaliza kidato cha nne aliingia kwa Sadrudin, fundi wa kompyuta wa Mirongo, akawa anafufua kompyuta zilizokufa. Moja akapewa, kongwe, haikubali programu mpya. Akaitia Linux, mfumo wa bure unaokubali hata kompyuta kongwe, akajifunza kuiamuru kwa maandishi.

Mwezi uliopita kampuni moja ya Dar ikamwita kwenye usaili wa kazi ya kutunza mitandao yao. Usaili kwa video, saa tisa alasiri. Mwisho wa umri miaka thelathini na tano, na ndiyo aliyo nayo. Mwakani wasingemtazama.

Saa nane na nusu akaifungua kompyuta. Intaneti hakuna, na kile kisanduku cha intaneti juu ya kabati kinawaka taa zote.

"Mama mkubwa, umeigusa hii?"

"Mimi? Nianze leo kuchezea vyombo vya watu?"

Asubuhi nilikuwa nimeipangusa hadi ubavuni. Watu wa Dar waone vumbi kwangu?

Akaandika amri, iwconfig. "Kadi ya waifai ipo," akasema, "ila nguvu ya kurusha mawimbi imezimwa." Akaiamuru iwake, ikakataa. Saa tisa ikapita. Akaandika amri nyingine, rfkill list, ya kuonyesha kinachoizuia, akasoma mstari mmoja mara mbili.

"Programu haijaizuia. Ni kiswichi."

Akapapasa ubavuni mwa kompyuta. Kiswichi kidogo kama punje ya mtama kilikuwa kimesukumwa, uzi wa kitambaa changu cha bluu umenasa hapo. Akautoa, akauweka mezani. Hakuniangalia.

Alipoingia kwenye usaili, dakika kumi na mbili zilikuwa zimepita.

"Dada, umechelewa," mwanamume akasema. "Na unaomba kazi ya mitandao?"

"Samahani. Sikukagua mapema. Kosa ni langu."

Mwaka sitini na nane, darasa la sita, nilipasua taa ya mwalimu, akachapwa mwenzangu Ng'washi. Nilinyamaza. Hadi leo tukikutana sokoni naangalia chini.

Nikasogea hadi nikaonekana kwenye video, kitambaa mkononi.

"Aliyezima kiswichi cha waifai ni mimi, nikipangusa. Yeye amekitafuta akakipata."

Sauti ya kike ikasema: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Muulizeni amekipataje."

Wakamuuliza, akaeleza. Wakasema watapiga simu.

Leo ni siku ya kumi na nane. Simu yake ya kitochi iko mezani, ina vumbi, na mimi siigusi.